Hilo Nalo Liandikwe

Usagara, Tanga
Baada ya alasiri

Mwanangu Twaha,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa sasa hivi kwenda kwa kinyozi, umeshiba, na umeninunia kidogo kwa sababu nimekukataza kubeba godoro. Nimeona niandike ungali huku, maana kesho stesheni watakuwapo shangazi zako, na mbele yao sitapata nafasi ya kusema neno la maana. Hii nitakutilia sandukuni, chini ya kanzu. Usiifungue garini. Ifungue ukishafika Korogwe, ukishaonyeshwa chumba chako, ukishakunywa maji.

Mambo ya chandarua, ya kufua, ya nani umsogelee na nani umkwepe, hayo watakwambia shangazi zako mpaka masikio yakuume. Mimi nataka kukusimulia daawa ya nyumba hii, jinsi tulivyoshitakiana.

Unajua kwamba palikuwa na daawa. Hujui ilivyokwenda, kwa sababu nilikupeleka Muheza kwa mjomba wako Abdala, nikakwambia kwamba shule ya huko ni nzuri zaidi. Shule ilikuwa kisingizio. Sikutaka usikie mimi na ami yako Bakari tunavyosemana mbele ya watu. Ulikuwa unampenda, ukimwona tu unamrukia shingoni, na nilitaka uendelee kumpenda, ashinde yeye au nishinde mimi. Sasa umekuwa mtu mzima, na kazi uliyoipata ni ukarani wa baraza. Utakaa pembeni mwa hakimu na kalamu yako, uandike wanayoyasema watu. Nimeona ni haki yako kujua mama yako aliponea wapi.

Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa seremala wa mabehewa huko reli. Nyumba hii aliijenga mwenyewe, milango aliiranda mwenyewe, lakini kiwanja kilikuwa kikilipiwa kodi na babu yako tangu zamani. Lishike hilo, maana ugomvi wote ulitoka hapo. Wewe ulikuwa ungali mgongoni pale baba yako alipopata homa kali ya mapafu, akaogopa. Alipoinuka kitandani aliniambia, "Nikifa, wewe na mtoto mtahangaishwa. Nyumba hii nakupa." Nikamwambia, sawa, umenipa, kunywa uji. Akasema hapana, kutoa hivyo si kutoa. Alikwenda akamuuliza mwalimu wa msikitini, akaelezwa kwamba mtu akitoa hiba ya nyumba na huku yeye mwenyewe amekaa ndani vile vile, hajatoa kitu. Lazima akabidhi.

Basi baba yako akakabidhi. Alitoa kitanda chake nje, akatoa sanduku la zana, koti, viatu, mpaka birika lake la kutawadhia. Akafunga mlango, akanipa ufunguo mkononi, akasema, "Nyumba yako," kisha akaondoka zake. Watu wa mtaa wakadhani nimemfukuza. Jioni alirudi akabisha hodi, nikamfungulia, tukarudisha vitu ndani, na maisha yakaendelea. Akapona kabisa. Miaka ikapita, wala hatukulizungumza tena. Kodi ya vyumba vya uani nilikuwa nachukua mimi, na rangi nilikuwa napakisha mimi.

Alipofariki ulikuwa na akili zako, hayo sikurudii. Nilipomaliza eda, ami yako Bakari alikuja na wazee wawili. Aliniamkia vizuri, akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Shemeji, mimi sikufukuzi. Lakini kiwanja hiki ni cha baba yetu, na nyumba juu yake ni ya baba yetu. Nataka haki ya baba yangu igawanywe."

Nikamwambia, "Ndugu yako alinipa nyumba hii akiwa hai."

"Alikupa lini? Mbona sikuambiwa?"

Nataka uelewe, Twaha. Hakuwa anasema uwongo. Hakuambiwa kweli. Siku ile alikuwa Pangani kwa mambo yake, na baba yako alikuwa mtu wa kufanya jambo bila kulitangaza. Ami yako aliamini kwa moyo wake wote kwamba mimi mjane nimebuni hadithi ili nimnyang'anye urithi. Na mimi niliamini kwa moyo wangu wote kwamba yeye ana tamaa. Ndivyo tulivyokwenda barazani.

Kwenye baraza la namna ile wakili haruhusiwi kusimama. Unasimama mwenyewe, unauliza mwenyewe, unajibu mwenyewe. Mjomba wako Abdala alinisindikiza, lakini alibaki nyuma kwenye mabenchi. Sasa nikueleze nilivyoharibu.

Kwanza, nilileta watu wengi mno. Kila aliyenipenda nilimwita kutoa ushahidi. Nilidhani hakimu atatazama wingi wa vichwa. Kumbe wengi wao walifika siku ile mambo yakiwa yamekwisha kuanza, na wengine waliyasikia tu kwa jirani. Mmoja akasema baba yako alitoa kitanda na godoro, mwingine akasema kitanda tu. Mmoja akasema ilikuwa Ijumaa, mwingine akaapa kwamba ilikuwa siku ya gulio. Walikuwa wanasema kweli kadiri walivyoikumbuka, lakini kila mmoja alipoteremka nilimwona hakimu ananitazama kwa jicho jingine. Aliyeona mambo yote mwanzo hadi mwisho alikuwa mmoja tu, Mama Agnesi, na yeye nilimweka wa mwisho kwa sababu nilimwona si wa ukoo.

Huyu Mama Agnesi wewe humkumbuki vizuri. Alikuwa Mbondei, Mkristo, akiuza machungwa sokoni, na kwa miaka alipanga chumba cha uani kwetu. Wakati wa daawa alikuwa amekwisha kuhama, amerudi kwao Muheza.

La pili ndilo lililonitoa machozi. Ilifika zamu yangu kumuuliza ami yako. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nikasimama, nikamuuliza:

"Siku kaka yako aliponikabidhi ufunguo, ulikuwapo?"

"Sikuwapo. Nilikuwa Pangani."

Mwanangu, hapo ningekaa. Jibu lile lilikuwa langu lote. Mtu hakuwapo, hajui. Lakini nilikuwa na hasira, na nilitaka nimwone amekosa la kusema mbele ya watu. Nikaongeza:

"Basi unajuaje kwamba hakunipa?"

Akanitazama. Nadhani hakutegemea nimpe mlango mpana namna ile. Akasema, "Najua kwa sababu kaka mwenyewe aliniambia. Alipokuwa kitandani, siku za mwisho, alinishika mkono akasema, 'Bakari, nyumba uiangalie.' Mtu aliyekwisha kutoa nyumba angeniambia mimi niiangalie?" Na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, maana alimpenda ndugu yake.

Mimi nikapiga kelele, "Uwongo!" Hakimu akasema, "Bibi, kaa." Nikakaa. Karani aliandika maneno yote ya ami yako, neno kwa neno, na yakaingia kitabuni kama ukuta umeinuliwa mbele yangu. Ukelele wangu hakuuandika. Na kwa nini auandike? Ukelele si hoja.

Shauri liliahirishwa. Nilirudi nyumbani nikakataa kula. Mjomba wako akaniambia, "Hutasimama na wakili, lakini hakuna aliyekukataza kumuuliza." Akanipeleka kwa wakili mmoja mjini, mtu mfupi, mwenye sauti ya chini kama anayezungumza na mgonjwa. Nilimsimulia yote. Nilitegemea aniambie kwamba nitashinda. Hakuniambia hivyo. Aliniambia:

"Bibi, wewe unapigana na daawa moja. Zipo mbili. Moja ni hii ya barazani. Ya pili ni ya rufaa, na hiyo imekwisha kuanza tangu siku ya kwanza, ila wewe hukujua."

Nikamwambia sijakata rufaa, hukumu yenyewe bado.

"Ndiyo maana nakwambia leo. Kwenye rufaa hakuna atakayekuona unalia. Hawatamwona shahidi wako wala uso wa shemeji yako. Watasoma yaliyoandikwa barazani, basi. Lisiloandikwa, kwao halikutokea. Kwa hiyo ukitaka jambo, liombe wazi. Ukikataliwa, eleza kwa utaratibu kwa nini kukataliwa huko kunakuumiza. Kisha omba yote mawili yaandikwe, ombi lako na kukataliwa kwako."

"Na hakimu akikasirika?"

"Akasirike yeye. Wewe usikasirike."

Nilitoka pale sikufurahi, lakini kichwa kilikuwa kimetulia. Kwa mara ya kwanza tangu baba yako afe nilikuwa na kitu cha kufanya ambacho hakikuwa kulia wala kugomba.

Siku ya pili ya shauri nikamwita Mama Agnesi. Alikuja na khanga zake mpya, akiwa tayari kuapa kwa Biblia. Hakimu akamuuliza anatoka wapi na ananijuaje. Akajibu kwamba alikuwa mpangaji wangu. Ami yako akasimama akasema mpangaji ni mtu wa mwenye nyumba, atasema atakaloambiwa. Hakimu akafikiri kidogo, akasema, "Kweli. Mashahidi tumekwisha kusikia wengi, na hawapatani. Huyu alikuwa akikaa kwako. Sitamsikiliza."

Twaha, nilibaki nimesimama. Kina mama hawakuwa na desturi ya kusema tena hakimu akishasema. Nyuma nilimsikia mtu anacheka puani. Nikakumbuka: usikasirike. Nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine:

"Hakimu, nimesikia. Naomba ruhusa niseme angetoa ushahidi gani."

"Nimekwisha kumkataa, Bibi."

"Ndiyo, nami nimekubali kwamba umemkataa. Lakini naomba iandikwe. Shahidi huyu alikuwa uani tangu mume wangu alipoanza kutoa vitu vyake. Alimwona akifunga mlango. Alimwona akinipa ufunguo na kuondoka. Wengine wote walikuja baadaye, ndiyo maana hawapatani. Hakai tena kwangu, amehama, hanilipi wala simlipi. Bila yeye sina mtu aliyeona yote. Naomba ombi langu liandikwe, na kukataliwa kwake, hilo nalo liandikwe."

Karani aliinua kalamu, akamtazama hakimu. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kofia ya kiua, na jina lake silijui mpaka leo. Nilisikia kuku wa jirani. Kisha hakimu akasema, "Mwandikie. Kama alivyosema."

Hakimu yule hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo pia. Alikosea, lakini aliliacha kosa lake liandikwe kwa wino, mahali ambapo mkubwa wake angelisoma. Karani naye angeweza kufupisha, akaandika "shahidi alikataliwa", akafunga kitabu, na leo mimi na wewe tungekuwa tumepanga chumba mahali fulani. Hakufupisha. Aliandika polepole, akaniomba nirudie pale nilipokwenda haraka, nikarudia.

Hukumu ilipotoka nilishindwa. Nyumba ikaamriwa igawanywe kama urithi wa babu yako. Nikasimama tena, nikaomba nisitolewe mpaka rufaa isikilizwe. Hakimu akamtazama ami yako. Ami yako akasema, "Akae tu. Sina haraka na mtoto wa kaka yangu." Siku ile nilimchukia hata kwa wema huo. Leo namshukuru.

Lakini nikwambie jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Siku ile niliyoshindwa nilirudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Sikuelewa kwa nini. Nimeshindwa, nyumba inakwenda, na mwili wangu umelegea kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Baadaye nikaelewa. Nilikuwa nimeyasema yangu yote, na yalikuwa yamekaa mahali. Hayakuwa tena kifuani mwangu.

Mjomba wako alitaka tuandike rufaa ndefu. Alitaka tuseme kwamba ami yako aliwahi kugombana na baba yako juu ya baiskeli, kwamba hakimu alinikatiza, kwamba benchi la mashahidi lilikuwa juani. Tulirudi kwa yule wakili na makaratasi hayo. Alisoma, akachukua kalamu, akapiga mistari, akabakiza hoja mbili: yale maneno ya kitandani, na shahidi aliyekataliwa. Akasema hoja nyingi zinamchosha msomaji mpaka ile nzuri anaipita. Na akanihimiza nipeleke mapema, maana rufaa ina muda wake, na watu wengi hukaa nyumbani wakiuguza uchungu mpaka muda unapita, kisha hubaki na uchungu tu.

Halafu tukangoja. Kungoja huko ndiko kulikonizeesha. Habari zikaja kutoka Muheza kwamba Mama Agnesi anaumwa kifua, amelazwa, amepewa sakramenti. Nilimwendea na mchele na samaki. Nilimkuta mifupa mitupu. Nilikaa kando ya kitanda chake nikaona aibu, maana sikujua kama namwombea apone kwa ajili yake au kwa ajili ya nyumba. Yeye aliijua aibu yangu, akacheka, akasema, "Mama Twaha, sifi. Nina neno la kusema kwanza."

Siku ya rufaa alikuwa bado kitandani. Hakimu wa rufaa alikuwa mzee mwenye miwani, asiyeinua macho. Alikuwa anafunua kurasa. Nikaanza na hoja ya kwanza, kwamba maneno ya kitandani hayakufaa kusikilizwa, kwa kuwa aliyeyasema amekufa na aliyeyasikia ndiye anayedai. Akanisikiliza, akaweka kidole kwenye ukurasa.

"Swali hili nani aliuliza?"

"Mimi."

"Wewe ndiye uliyemuuliza anajuaje?"

"Ndiyo."

"Na alipojibu, ulipinga?"

"Nilipiga kelele."

"Kelele siioni hapa," akasema, na watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Mlango uliufungua mwenyewe, Bibi, na aliyeingia hukumzuia. Hoja hii haina nguvu. Endelea."

Nikasema hoja ya pili kwa maneno machache, kwa sababu maneno yalikuwa yamenikauka. Akafunua kurasa. Akasimama kwenye mmoja. Kisha akaanza kusoma kwa sauti: "Shahidi huyu alikuwa uani tangu mume wangu alipoanza kutoa vitu vyake..." Akasoma yote mpaka "hilo nalo liandikwe".

Maneno yangu mwenyewe, Twaha, yakitoka kinywani mwa mtu asiyenijua. Yalisikika kama yamesemwa na mwanamke mwenye akili. Akavua miwani, akanitazama kwa mara ya kwanza, akamgeukia ami yako: "Kuwa mpangaji kunaweza kupunguza uzito wa ushahidi. Hakumzuii mtu kusema. Na huyu alikuwa amekwisha kuhama. Baraza lingemsikiliza kwanza, kisha likampima." Akaamuru shauri lirudi barazani, Mama Agnesi asikilizwe, na hukumu itolewe upya.

Nilikuwa sijashinda. Nilikuwa nimefunguliwa tu mlango uliofungwa. Na aliyetakiwa kupita mlango huo alikuwa kitandani Muheza.

Alikuja. Aliteremka kwenye basi ameshikwa mkono na mwanawe, na kikapu cha machungwa kichwani mwa mwanawe, maana alisema hawezi kuja Tanga mikono mitupu. Alikohoa mpaka hakimu, yule yule wa kwanza, akaamuru aletewe kiti na maji. Akaapa. Akasimulia: kitanda, sanduku la zana, koti, viatu, birika. Mlango, ufunguo, maneno "nyumba yako". Hakuongeza, hakupunguza. Safari hii mimi sikuuliza swali hata moja. Niliposikia ametaja ufunguo nikasema, "Sina la kuongeza," nikakaa, na nikajibana mikono mapajani isije ikaninyanyua.

Zamu ikawa ya ami yako. Alisimama, akamgeukia Mama Agnesi. Nilidhani atamsuta kwa upangaji wake. Badala yake akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli:

"Kaka alipokwisha kutoka, alirudi saa ngapi? Alirudi vipi?"

"Alirudi jioni. Alibisha hodi. Mama Twaha alikuwa ndani anapika, mimi nilikuwa naye jikoni."

"Akasema nini?"

Mama Agnesi akatabasamu. "Akasema, 'Hodi, wenyewe! Mna nafasi ya mgeni anayekoroma?'"

Maneno hayo mimi nilikuwa nimeyasahau kabisa. Nilikuwa nimeyasikia kwa masikio yangu, na katika miaka yote ile ya kugombana hayakunijia hata mara moja. Watu barazani wakacheka. Ami yako naye akacheka, kicheko kifupi, kisha akafunika uso kwa mikono miwili. Mabega yakawa yanatikisika.

Hakimu akamuuliza kama ana swali jingine.

"Sina," akasema. "Hakimu, mimi na kaka tulilala chumba kimoja tangu utotoni. Kila tulipokwenda ugenini alikuwa akisema hivyo mlangoni. Mna nafasi ya mgeni anayekoroma. Mama yetu alikuwa akimpiga kwa aibu." Akajipangusa. "Huyu mama hakutusikia sisi utotoni. Amemsikia kaka. Basi kaka alibisha hodi nyumbani kwake mwenyewe kama mgeni. Alikuwa amekwisha kutoa."

"Una maana gani?" hakimu akauliza.

"Aliniambia nyumba niiangalie. Nilidhani kuiangalia ni kuichukua. Sina daawa tena."

Hakimu hakuliacha hivyo, alitoa hukumu yake kamili, kwamba nyumba ilikuwa ya aliyeijenga ingawa kodi ya kiwanja ililipwa na babu yako, na kwamba hiba ilikabidhiwa ikatimia, na karani akaiandika yote. Nilisimama pale nikisikia jina langu na neno "yake", "yake", nikatamani kukaa chini kwenye sakafu. Nje, ami yako alinijia. Nikamwambia, "Shemeji, yapo machungwa, karibu." Tukakaa kwenye ngazi za baraza, mdai na mdaiwa na shahidi, tunamenya machungwa, na mjomba wako Abdala ametusimamia kama polisi, haamini.

Mama Agnesi aliishi miaka mingine, akafa kwa uzee. Ami yako humjui kwa jingine ila kwa mapenzi, na ndivyo nilivyotaka.

Sasa unakwenda kukaa kwenye kiti cha yule karani. Sitakufundisha kazi, watakufundisha wenyewe. Ila watakuja mbele yako watu kama nilivyokuwa mimi. Watanuka jasho la safari, watazungumza mbio, watarudia, watalia mahali pasipotakiwa. Wengine watakuwa wamekosea, na hakimu atakuwa na haki ya kuwakataa. Wewe waandikie. Andika swali pamoja na jibu, maana jibu bila swali lake ni jambo jingine kabisa. Mtu akisema haraka, mwombe arudie. Huwezi kujua ni sentensi ipi mzee mwenye miwani ataisoma kwa sauti mbele ya watu wengine, siku nyingine, mahali pengine.

Na ikiwa siku moja utakuwa wewe unayedai au kudaiwa, Mungu apishe mbali, ukipata jibu ulilolitaka, kaa chini. Mimi bado najifunza hilo. Jana nilikuuliza kama utanikumbuka ukiwa huko, ukasema ndiyo, nami nikaongeza, "Kila siku?" Ukacheka. Nilistahili.

Nyumba usiwe na wasiwasi nayo. Ukipenda Korogwe, kaa. Ukioa huko, nitakuja kumtazama bibi harusi. Usirudi kwa sababu unadhani kuna mtu atanitoa. Hakuna.

Kwa miaka mingi, hata baada ya hukumu, kila nilipokuwa jikoni nilikuwa nabishana. Midomo ilikuwa inacheza peke yake, namjibu ami yako, namjibu hakimu, naongeza maneno niliyoyasahau. Leo asubuhi nilikaa kwenye mbuzi kukuna nazi za wali wako wa safari. Nimekuna ya kwanza, nimekuna ya pili, nikachukua kizio cha tatu, ndipo nikatanabahi kwamba tangu nikae sikuwa nafikiri kitu chochote. Nazi tu. Nyeupe, nzuri, inaanguka kwenye sinia.

Nenda salama, mwanangu.

Akupendaye,
Mama yako